Majani ya Kuburudisha Moyo katika Mji wa Ujiji

Abu Ali Ibn Sina, tabibu wa Bukhara aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki mwaka 1037, aliandika, mbali na ile Kanuni yake iliyosomwa na matabibu wa Mashariki na Magharibi kwa karne nyingi, risala fupi juu ya dawa za moyo. Na miongoni mwa mimea aliyoitaja kuwa huufurahisha moyo na kuipa nguvu roho iliyonyong'onyea umo mmoja wa jamaa ya nanaa, wenye majani yanukayo kama limau, ambao Waajemi waliuita badranjbuya na Wazungu huuita Melissa. Sifa yake ilivuka bahari na dini. Katika karne ya 17 watawa wa Karmeli wa Paris waliyafanya majani yake kuwa asili ya maji yao mashuhuri, yaliyonunuliwa kwa shauku na wenye kuumwa kichwa na wenye kufadhaika nafsi.

Mmea huo si wa Ujiji. Asili yake ni nchi zilizoizunguka Bahari ya Kati hata kufika Uajemi, penye majira ya baridi ya kweli, nao hauoni raha katika joto la bonde la Tanganyika, ambako uso wa ziwa uko kadiri ya mita 770 tu juu ya bahari na mchana wa kiangazi humtoa mtu jasho akiwa ameketi kivulini. Walakini kazi aliyoisifu tabibu yule, yaani kuburudisha moyo uliolemewa, kumlaza mtoto mwenye homa, kutuliza tumbo lililojaa riahi na kuondoa harufu nzito katika chumba cha mgonjwa, ni kazi ambayo hakuna mji wa wanadamu ulioweza kuiacha bila mwenye kuifanya. Na katika Ujiji walioishika ni majani mengine, baadhi yake ndugu wa Melissa kwa ukoo, baadhi wageni kwake kwa ukoo lakini washirika wake kwa harufu. Wanakemia wamebainisha kwamba kitu kikubwa kinachoyapa majani ya Melissa ule mnuko wa limau huitwa sitrali, na ya kuwa kitu hicho hicho ndicho sehemu kubwa ya mafuta ya mchaichai, aghalabu theluthi mbili yake au zaidi. Basi bibi wa Ujiji atiaye mchaichai birikani na mtawa wa Paris aliyezika majani yake katika pombe kali walikuwa wakitafuta faraja moja kwa njia mbili, pasina kujuana.

Ujiji ulikuwa mwisho wa njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo na kupitia Unyanyembe, jirani ya Tabora ya leo, ilifika hapo baada ya miezi mingi ya vumbi, tope na ushuru wa watemi. Richard Burton na John Speke, walioondoka pwani katikati ya mwaka 1857, hawakuliona ziwa ila Februari 1858, wa kwanza akiwa hawezi kusimama kwa miguu iliyopooza na wa pili macho yake yakiwa yamefunikwa na maradhi, hata maji yale makubwa aliyoyaendea kutoka mbali yakawa mbele yake kama ukungu. Walikuta soko lililokwisha kuchangamka. Ushanga ndio uliokuwa sarafu yake, hasa ule wa vipande vifupi vya mrija uitwao sofi, na kwa huo mtu alinunua samaki, mawese, mboga, chumvi iliyochemshwa katika chemchemi za Uvinza, pembe za ndovu, na, kwa aibu ya zama zile, wanadamu wenzake.

Mfanyabiashara wa pwani aliyeazimia kukaa hakuridhika na kula alichokikuta. Alijenga nyumba yenye baraza ya kupokelea wageni na ua wa nyuma wa kusitiri watu wake, kisha akapanda miti ya kwao: miembe, ambayo hadi leo ndiyo fahari ya Ujiji, na mipapai, na mindimu, na mikomamanga. Mrehani ulifuata mkondo huo huo, na safari yake ilikuwa nyepesi kuliko ya mwembe, kwa kuwa mbegu yake ni ndogo kuliko ufuta na kiasi cha kuoteshea mtaa mzima huingia katika pindo la nguo. Tena ni mmea wenye hadhi. Rehani imetajwa katika Kurani, katika sura ya ar-Rahman na ile ya al-Waqia, miongoni mwa neema za Mola na starehe za waliokaribishwa. Na imepokewa katika hadithi ya kwamba mtu akitunukiwa rehani asiikatae, maana ni nyepesi kubeba na harufu yake ni njema. Mwenyeji wa mji ulio miezi kadhaa mbali na msikiti aliosomea hakuhitaji sababu nyingine ya kuupanda mlangoni pake. Kwa hiyo majani yake yakaingia katika vikuba vya maharusi, yakafuatana na udi na marashi katika maulidi, yakawekwa karibu na maiti baada ya kuoshwa kwa maji ya mkunazi na kupakwa kafuri. Na siku zisizo za arusi wala msiba yakachemshwa kwa ajili ya kikohozi na tumbo la mtoto, kazi ambayo ndugu yake Melissa hufanya katika nchi za mbali.

Hapa inafaa kukaa kitako juu ya kisa cha mgonjwa mmoja, kwa sababu katika habari za zamani za ziwa hili ni nadra kupata maelezo ya namna mtu alivyouguzwa, na mgonjwa huyu alikuwa na desturi ya kuandika. David Livingstone alikuwa tabibu mwenye ijaza, na vidonge alivyovichanganya mwenyewe kwa kwinini, kalomeli, jalapa na rubabi vilijulikana kwa wasafiri wa wakati wake. Lakini Januari 1867, katika nchi iliyo kusini ya ziwa, watoro wa msafara wake walikimbia na sanduku la dawa, naye akahisi ya kwamba amekwisha kukatiwa hukumu ya mauti. Miaka miwili alitembea bila ya dawa hizo. Januari 1869, akiwa magharibi ya Tanganyika, alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akakohoa damu na kushindwa kuinuka. Na aliyemwokoa ni mfanyabiashara wa pwani, Muhammad bin Gharib, aliyemtia katika kitanda na kuamuru abebwe, akamwita mpiga chuku amuumike kifuani, akamlisha na kumlinda hata wakafika ufukoni na kupata mtumbwi. Tarehe 14 Machi 1869 Livingstone aliteremka Ujiji. Mali aliyoiagiza ilikuwa imeporwa sehemu kubwa, na dawa alizoletewa zilikuwa zimebaki Unyanyembe. Alichokipata ni chai, kahawa na nguo ya sufu ya kuvaa mwilini, na baada ya siku chache za kunywa chai ya moto na kujifunika sufu hiyo aliandika kwamba kikohozi kimekoma na ya kuwa ameweza kutembea tena mwendo wa nusu maili.

Wengi humkumbuka Livingstone wa Ujiji kwa kuonana kwake na Stanley mwaka 1871, jambo ambalo limeandikwa mpaka limechosha. Mimi naona yale majuma ya Machi 1869 yana mafunzo mengi kuliko ile salamu ya kuvua kofia, maana yanamwonyesha tabibu wa Uskoti, mpinzani mkubwa wa biashara ya utumwa, akiwa hai kwa hisani ya mtu wa kundi lile alilolilaumu, na akiuguzwa kwa tiba ya Waswahili katika sura yake kamili: kitanda, chuku, kinywaji cha moto, joto la nguo, na mtu wa kukaa karibu. Jani linaloelea ndani ya kinywaji hicho, liwe rehani au jingine, halifanyi kazi peke yake. Hufanya kazi ndani ya utaratibu huo wote wa kuuguza, na atakayeling'oa humo ili alipime pekee katika chupa ataona nusu ya habari yake.

Elimu ya tiba katika mji kama Ujiji ilikaa mahali pawili. Barazani alikaa mwalimu mwenye kitabu, aghalabu kile cha ar-Rahma kinachonasibishwa na Suyuti, ambaye aliandika kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe, akaliosha kwa marashi na kumpa mgonjwa anywe. Huyu alikuwa na jina, na ada, na heshima ya kutangulizwa katika hitima. Uani walikaa wanawake, na elimu yao haikuandikwa popote. Wao ndio waliojua jani la kuchumwa kabla ya jua kupanda na jani la kuanikwa, la mzazi na la mtoto, la kunywa na la kuogea, na lipi lichanganywe na mawese ili lishike katika ngozi. Mawese ya Ujiji yalikuwa bidhaa tangu kabla ya Burton, yakipelekwa Unyanyembe kwa vyombo vya udongo, lakini nyumbani yalikuwa chakula, taa, sabuni na msingi wa kila dawa ya kupaka. Kama ningeambiwa nichague mahali pamoja pa kusikiliza katika Ujiji ya karne ya 19, nisingechagua baraza.

Wanawake hao hawakutoka wote pwani, na hapo ndipo elimu ya uani ilipoupita upana wa kitabu. Kwanza ilikuwepo nchi yenyewe ya Buha, inayopanda kwa vilima mashariki na kaskazini ya ziwa, ambako Waha husema lugha inayosikilizana na Kirundi na hushiriki na majirani zao mimea mingi ya dawa. Ndugu wa kweli wa Melissa wamo humo. Mmoja ni kivumbasi, ambacho Warundi na Wanyarwanda huita umwenya, kijiti kinachoota chenyewe kando ya njia na katika mashamba yaliyoachwa, chenye harufu kali kuliko ya rehani. Watu wamezoea tangu kale kukiteketeza kwenye makaa jioni au kukitundika chumbani ili mbu wakimbie, na watafiti walioyajaribu majani yake katika Tanzania na Kenya wamethibitisha ya kwamba mbu huyachukia kweli, ijapokuwa hayafui dafu mbele ya chandarua. Mwingine ni ule ambao Wanyarwanda huuita umuravumba, wenye majani mazito ya kunata, unaopandwa kwa vipande katika ua wa nyumba na kutumiwa kwa kikohozi, homa na tumbo. Wanasayansi wa Butare waliushughulikia sana katika miaka ya 1970 na 1980. Wakulima wa vilima hivyo huchanganya majani ya namna hii na maharage ya akiba ili wadudu wasiyatoboe, na anayejua jinsi maharage yalivyo uhai wa Buha ataelewa kwamba jani linalolinda ghala si dogo kwa cheo kuliko jani linalotibu kichwa.

Pili, ilikuwepo ng'ambo. Wamanyema waliovushwa kutoka magharibi ya ziwa, wengine kwa kamba ya mtumwa, wengine kwa kufuata riziki, wakawa ndio wengi wa watu wa Ujiji. Wakashika Uislamu na Kiswahili kwa nguvu, hata mmoja wa kizazi hicho cha Manyema, Sheikh Ramiya, aliyepelekwa pwani akiwa mtoto mtumwa, akawa kiongozi mkuu wa tarika ya Kadiria katika Bagamoyo na kufariki mwaka 1931 akiwa na taadhima isiyo kifani. Watu waliong'olewa namna hiyo huja mikono mitupu, lakini macho na pua zao huja nazo. Na mtu aliyelijua jani la msitu wa Manyema kwa harufu alilitafuta jani la jamaa yake katika ufuko wa mashariki mpaka akalipata. Kwa hiyo uani mwa Ujiji rehani ya Mwarabu, umwenya wa Muha na majani ya Mmanyema yalikutana katika chungu kimoja, na chungu hicho ndicho ninachokiona kuwa kazi ya asili ya mji ule, zaidi ya pembe zake na mitumbwi yake.

Nisieleweke kusema kwamba kila dawa ya ufuko huu ilikuwa tamu puani. Kusini, katika milima ya Mahale, Watongwe hutumia mti mchungu wanaouita mjonso kwa tumbo na homa. Na mwaka 1987 Michael Huffman wa Kyoto pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa miti, walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku, akiwa mgonjwa dhahiri, akiumenya ule mti na kuufyonza utomvu wa ndani ya kijiti chake, kisha akapata nafuu. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Wazee wa Kitongwe hawakushangaa sana.

Majani, hata hivyo, yalikuwa na mpaka, na mwandishi anayeyapenda hana budi kuutaja. Wamishionari wa London Missionary Society walipofika Ujiji Agosti 1878, mmoja wao, J. B. Thomson, alifariki Septemba hiyo hiyo. Homa ya papasi, ambayo wadudu wake walijificha katika nyufa za nyumba za udongo kando ya njia yote ya misafara, haikujulikana sababu yake mpaka mwaka 1905, Robert Koch alipoichunguza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani na Joseph Dutton alipoichunguza katika Kongo, naye Dutton akafa nayo Kasongo, katika nchi ile ile ya Manyema. Maradhi ya namna hiyo hayakukiogopa kivumbasi wala kombe. Kwinini, na baadaye sindano, viliokoa watu ambao bibi hodari kuliko wote asingewaokoa, na wenyeji walilitambua jambo hilo upesi kuliko wanavyodhaniwa. Hawakuacha majani, bali waliyagawia kazi upya. Homa kubwa ikapelekwa kwa daktari. Kikohozi, usingizi uliokimbia, tumbo la mtoto, huzuni ya mfiwa na uchovu wa mzazi vikabaki uani.

Mchaichai, ambao leo ndio jani mashuhuri kuliko yote katika Kigoma na Ujiji, haumo katika ukoo wa Melissa hata kidogo: ni nyasi, ndugu wa mahindi na muwa, na asili yake ni kusini ya Asia. Una tabia moja yenye maana kubwa kwa mwenye kupenda tarihi. Ni nadra kutoa maua, na mbegu zake si za kutegemewa. Huongezeka kwa kugawanywa shina lake lenye mizizi. Rehani yaweza kusafiri kwa kusahauliwa katika pindo. Mchaichai hausafiri ila kwa kukusudiwa, ukiwa umefungwa katika kitambaa chenye maji, na mtu akijua atakapoutia ardhini. Kila kichaka cha mchaichai kilichopo nyuma ya nyumba ya Ujiji ni kipande cha kichaka kingine, nacho ni kipande cha kingine tena, mkono kwa mkono hata baharini. Safari hiyo ikawa rahisi Februari 1914, reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilipofika Kigoma. Mzigo uliochukua miezi kichwani mwa mpagazi ukachukua siku chache, nao mji wenyewe ukahama polepole, Kigoma ya bandari na stesheni ikiinuka na Ujiji ukibaki na miembe, misikiti na kumbukumbu.

Zamani za uhaba, miaka iliyofuata vita vya Kagera, sukari na majani ya chai vilipokuwa vya kupangiwa foleni, mchaichai ulikuwa chai yenyewe, na wapo waliokulia katika miaka hiyo ambao hadi leo wakiunusa hukumbuka foleni kabla ya kukumbuka kinywaji. Kitengo cha dawa za asili kilichoanzishwa Muhimbili mwaka 1974 kikaja kuwa taasisi, na mwaka 2002 Bunge likapitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala, hata mganga aliyekuwa akitajwa kwa kunong'ona akawa na ofisi ya kujiandikishia. Kisha mwaka 2020, katika hofu ya Korona, Rais John Magufuli aliwahimiza watu kujifukiza, na nchi nzima ikaingia chini ya blanketi pamoja na sufuria ya majani: mchaichai, mlimao, mkaratusi, kivumbasi. Ya kwamba mvuke hulegeza kamasi na kumpa mtu faraja, sina shaka nayo. Ya kwamba huua kirusi, hilo halikuthibitishwa, na kulidai kulikuwa kuyabebesha majani mzigo ambao bibi wa uani, aliyekwisha kuyagawia kazi yake kwa busara, hakupata kuyabebesha.

Imebaki kazi moja ya harufu hii ya limau ambayo haihusu wagonjwa. Nyuki wa kazi, anapotaka kuwaita wenzake nyumbani, hutoa katika tumbo lake manukato ambayo sitrali ni sehemu yake. Ndiyo sababu wafuga nyuki wa Uyunani na Rumi walisugua mizinga yao kwa majani ya Melissa ili kundi liingie, na ndiyo sababu katika Afrika Mashariki wapo wanaosugua mzinga mpya kwa mchaichai pamoja na nta. Nchi ya miyombo iliyo nyuma ya Kigoma, kutoka Uvinza kupanda Kasulu na Kibondo, ni nchi ya asali tangu zamani, yenye mizinga ya magogo na ya magome iliyotundikwa juu ya miti. Na mwenye mizinga huko, akikosa nta ya kutosha mwanzoni mwa msimu, hana haja ya kwenda mbali kuliko bustani ya mkewe.